Siku Papa Yangu Alimuloba Papa Lucien

Siye huku Bunia tunasema kuloba. Wengine wanasema kuvua. Kazi ni moja: unatupa ndoano ku maji, unangojea samaki.

Siku moja papa yangu, ni kusema baba, alitupa ndoano, ikashika mutu.

Tena si mutu hivi hivi. Ilimushika papa ya muchumba yangu, mu sikio, muchana kweupe, watu wa Tchomia wanaangalia.

Chekeni tu. Siye pia tulicheka, lakini baadaye kabisa, kisha ya kuhakikisha kwamba hakuna mutu amekufa.

Naitwa Plamedie. Nilizaliwa Saio, hapa Bunia. Jambo hii ilipita ile miaka vita ilikuwa imenyamaza, lakini kila mutu alikuwa bado anakumbuka jirani yake alikuwa upande gani.

Makabila sitataja. Mutu wa Ituri ameshaelewa. Mutu wa inje ajue hii tu: familia yetu na familia ya muchumba yangu, Gaël, zilitoka pande mbili zilizochomeana nyumba. Siye tulipoteza ngombe zote na baba yangu mudogo. Wao walikimbia Djugu kuja hapa Bunia, wakaacha mashamba, wakaacha pia kaburi ya kaka mukubwa ya Gaël.

Sasa mutoto ya huku na mutoto ya kule wakajuana ku université, wakataka kuoana.

Mama yangu, Mama Bernadette, hakuwa na neno. Mama ya Gaël, Mama Scholastique, naye hakuwa na neno. Shida ilikuwa wale wazee wawili.

Siku familia yao ilikuja kujitambulisha kwetu, papa yangu Adolphe alikaa ku kiti yake. Papa Lucien, papa ya Gaël, akakaa mbele yake. Wakaangaliana kama wagonjwa wawili wanaongojea dokta moja wa meno.

Wali ukapita. Kuku ikapita. Fanta ikapita. Hakuna neno.

Kisha Papa Lucien akainua macho, akaona fimbo ya kuloba ya papa ku ukuta. Fimbo ndefu, nyeusi, iko na ile mashine ya kuzungusha uzi. Askari moja wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, alimuachia papa siku alikuwa anarudi kwao, na papa aliipenda kuliko redio.

"Ile pale," Papa Lucien akauliza, "iko ya kuloba, ao ni antene?"

Hiyo njo ilikuwa neno yake ya kwanza mu nyumba yetu.

"Iko ya kuloba," papa akajibu. "Inafikisha ndoano mbali sana."

"Na samaki?"

"Samaki gani?"

"Inamufikisha hapa?"

Mama Scholastique akafunga macho. Mimi nikaanza kuokota sahani ambazo watu walikuwa bado wanakulia.

Lakini papa hakukasirika. Ao alikasirika, lakini ile kasirani ya mutu ambaye mwishowe amepata mutu wa kubishana naye. Akavuta kiti karibu. Akaanza kueleza kwamba mutu wa kuloba ku pembeni ya ziwa, bila pirogi, ile mutumbwi, anahitaji fimbo ndefu na uzi nyembamba, juu uzi nene samaki anaiona.

"Uzi nyembamba," Papa Lucien akasema, "mawe inaikata."

"Mawe inaikata kwa mutu asiyejua kuvuta."

"Mimi nimeloba tangu utoto na uzi ya mukono. Sijapata jiwe inaniuliza kama najua kuvuta."

Hivyo hivyo mpaka jua ikashuka.

Ku jikoni, mama yangu alikuwa anasikiliza na kitambaa mu mukono.

"Wanagombana," akasema.

"Wanagombana, ndiyo," Mama Scholastique akajibu. "Lakini wanasema."

Pale pale wale mama wawili wakapanga. Karamu ya mahari itahitaji kapiteni, ile samaki kubwa ya Ziwa Albert. Na kapiteni ile haitanunuliwa sokoni. Wazee watailoba wenyewe, pamoja, ku Tchomia.

Papa alikubali mbio. Papa Lucien alichukua wakati kujibu.

Muelewe juu ya nini. Tchomia ni kwetu. Papa iko na ndugu kule, ukitupa jiwe inaanguka ku nyumba ya binamu yake. Papa Lucien hakukanyaga ile njia tangu vita.

"Nitaenda," akasema mwishowe. "Lakini mutoto aende na siye."

Mutoto ni mimi. Asubuhi ya kuondoka, Mama Scholastique alinishika mukono, akanivuta pembeni.

"Plamedie, mutoto yangu," akasema. "Umurudishe."

Hakuongeza kitu.

*

Tulifika Tchomia moshi ya kukausha samaki ikiwa tayari imejaa ku vichaka. Wanawake walikuwa wanageuza samaki juu ya moto, wanatuangalia. Papa akasalimia huku, akasalimia kule. Papa Lucien alisalimia na kichwa tu. Lafuzi yake ingemutangaza mbele ya jina yake.

Tukapita pirogi za watu, tukaenda ku mawe, pahali maji iko na kina karibu na inchi kavu.

Papa akafungua kisanduku. Ndani mulikuwa samaki zake za bandia: moja ya fedha, moja ya njano, moja kichwa nyekundu. Chini ya kila moja mulining'inia ndoano mbili, na kila ndoano iko na meno tatu.

"Maji ikiwa safi, natumia ya fedha," akaeleza. "Leo iko na tope kidogo, natumia ya njano. Natupa, navuta, nasimamisha, navuta tena. Kapiteni anafikiri ni samaki mugonjwa. Hawezi kuacha."

Papa Lucien akachukua ile ya njano, akaigeuza polepole.

"Meno sita," akasema. "Unaloba kapiteni, ao unaloba muji muzima?"

"Akikosa jino moja, anapata ingine."

"Na hizi vimiiba vya ndani? Kamata pince, ile koleo, uvilalishe. Ndoano ikishika mutu, itatoka bila shida."

"Kimiiba njo inashika samaki, Monsieur Lucien."

Waliitana Monsieur. Ilikuwa inaumiza masikio.

Papa Lucien akarudisha ile kitu mu kisanduku, akatoa vyake. Uzi nene iliyozungushwa ku chupa ya plastiki. Ndoano moja. Jiwe kidogo ya kutia uzito. Na ndoo yenye samaki wadogo wazima aliowapata njiani kwa wanawake wanaoloba ku bwawa. Akapitisha ndoano ku mugongo ya kamoja, polepole, ili kasife. Akatupa, akakaa, akalegeza uzi ku kidole.

"Hiyo ni uzi ya kufunga mbuzi," papa akasema.

"Mbuzi pia nimefunga nayo."

Kwa haki niseme: uzi ya Papa Lucien ilishikwa mu mawe mara kwa mara, na kila mara alikata, anafunga jiwe ingine, bila kusema kitu. Na papa, na ufundi yake yote, alipata tu majani. Papa njo aliyesema tuhamie upande upepo inasukumia maji, juu samaki wadogo wanajaa pale, na wakubwa wanawafuata. Papa Lucien akaangalia upepo, akabeba ndoo yake, akahama. Hakusema papa iko na haki. Alihama tu.

Nikafikiri: huyu mukwe, tutafika.

Kisha maji ikapasuka.

Mbele yetu, karibu kabisa, samaki wadogo wakaruka kama mutu amemwaga senene. Na chini yao mugongo mukubwa ukageuka. Nilimuona. Kapiteni ya kulisha karamu nzima.

Papa Lucien alikuwa amesimama nyuma ya papa, anainama ku ndoo kuchukua kamoja kazima. Papa hakugeuka kuangalia. Alirudisha fimbo nyuma kwa nguvu yote, akatupa.

Kitu ikasimamisha uzi.

Sasa papa alikuwa amejizoeza: ukisikia kitu imeshika, usingoje, piga fimbo, ndoano iingie vizuri.

Akapiga. Fimbo ikapinda.

"Niko naye!" papa akapiga kelele kwa furaha. "Niko naye!"

Sauti ikatoka nyuma yake, pole, kama mutu anayeuliza njia.

"Muzee Adolphe. Uko na mimi."

*

Ile samaki ya njano ilikuwa inaning'inia ku sikio ya kushoto ya Papa Lucien. Jino moja ilikuwa imeingia kabisa ku ile sehemu nene, na kimiiba yake ndani. Damu ilikuwa inashuka ku shati nyeupe. Sikio inatokaga damu mingi, hata kwa jambo ndogo.

Papa akaangusha fimbo.

Mwanamuke moja ku moshi akapiga kelele. Watu wakakimbia. Waliona mutu wa kule, shati yenye damu, na papa yangu amesimama mbele yake.

Nikamusikia mwanaume moja ku telefone. Hakuwa na ubaya, nafikiri. Alisema tu ile aliona: "Kuna mutu wa kule wamemuchoma chuma hapa Tchomia."

Wakati tulifika ku poste ya afya, ile neno ilikuwa imefika Bunia mbele yetu.

Infirmière wa pale, muuguzi Mama Agathe, aliangalia sikio, akaangalia samaki, akamuangalia papa.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kuloba," papa akasema kwa sauti ndogo.

"Naona ililoba."

Akamupiga Papa Lucien sindano ya ganzi, akachukua pince. Pale telefone yangu ikalia. Ni mama.

"Plamedie, papa yako ameua mutu?"

"Hapana, Mama. Amemushika na ndoano."

"Ndoano gani?"

"Ya samaki. Mu sikio."

"Na huyo mutu?"

"Iko hapa, anaomba chai."

Mama akapumua, kisha akaanza kusema mbio. Kwa Mama Scholastique vijana wamejaa ku lupango, ndani ya uzio ya nyumba, wanasema mutu yao ameuawa. Na huku Saio, vijana wetu wamesikia kwamba wale wanakusanyika, nao wametoka. Wamama wawili wanapigiana telefone, kila moja anajaribu kuzuia watu wake ku mulango.

Nikamupigia Gaël. Telefone imefungwa.

Nikapiga tena. Imefungwa.

Nikawaambia wazee. Mama Agathe akasema, "Basi nitoe mbio, nifunge bandage, muende."

Papa Lucien akashika mukono yake.

"Mama, acha."

"Niache nini?"

"Acha samaki mu sikio."

Tukamuangalia.

"Nikifika na bandage," akasema, "nimepigwa. Kila mutu atafunga mu ile bandage neno yake. Nikifika na hii kitu inaning'inia, ni ujinga. Na juu ya ujinga, sijapata kuona mutu anachoma nyumba."

Mama Agathe akaweka pince chini.

Binamu za papa walikuwa ku mulango. Moja akamuita pembeni, nikasikia. "Adolphe, weye bakia. Hapa uko kwako. Huyu muzee aende na pikipiki, aeleze watu wake mwenyewe. Weye ukiingia mu ile lupango, hautatoka."

Na alikuwa na haki, bwana. Hiyo njo ilinitisha zaidi. Alikuwa na haki.

Papa aliangalia viatu vyake. Kisha akarudi ndani, akasimama mbele ya Papa Lucien.

"Nikibakia hapa," akasema, "itakuwa kweli."

Papa Lucien akaitika na kichwa. "Itakuwa kweli."

"Basi twende."

*

Moto, ni kusema pikipiki, zilikuwa mbili. Mimi nikapanda ya nyuma na fimbo ya kuloba.

Ya mbele ilibeba dereva, kisha Papa Lucien, kisha papa. Na kwa sababu njia ya kupanda milima iko na mashimo, na kila shimo ile samaki inaruka na kuvuta sikio, papa alinyoosha mukono, akaishika na vidole viwili.

Aliishika vile Tchomia mpaka Bunia. Wanaume wawili ambao hawakuwa wamepeana mukono hata siku ya kujitambulisha.

Ku bariera, askari akatusimamisha. Akaangalia sikio kwa muda.

"Hiyo ni nini?"

"Samaki," Papa Lucien akasema.

"Ya kweli?"

"Ya bandia."

"Na huyu anayeshika?"

"Iko yake."

Askari akafikiri kama kuna sheria juu ya jambo hii. Hakukuwa. Akainua muti, tukapita.

Papa alitaka tupitie kwetu kwanza, aweke watu wetu ndani. Papa Lucien akakataa. "Moto inawaka kwangu, tuanzie kwangu."

Nilimuona papa, nyuma ya moto, anamuonyesha dereva njia ya kwao.

Lupango ya Papa Lucien ilikuwa imejaa. Fimbo, mapanga ya shamba, mawe. Mbele alisimama kijana moja mwenye kofia ya kasketi, Orly, mutoto ya dada ya Papa Lucien. Moto zikazima. Sauti zikazima pia. Papa akashuka, akabakia amesimama katikati ya watu ambao, miaka ya nyuma, wangemutafuta mu nyasi. Vidole vyake vilikuwa bado vinashika samaki.

"Noko," Orly akamuambia mujomba yake, "nani alikufanya hivi?"

Papa Lucien akashuka polepole, sikio mbele.

"Huyu hapa," akasema. "Alikuwa anataka kapiteni."

Hakuna aliyecheka.

"Mutu hawezi kuchoma mutu na hii kitu bila kutaka," Orly akasema. Akamugeukia papa. "Onyesha. Onyesha vile ulifanya."

Papa akaniangalia. Nikamupa fimbo.

Uzi haikuwa na kitu ku mwisho. Papa akasimama vile alisimama ku mawe, akanyoosha bega, akarudisha fimbo nyuma kwa nguvu, bila kugeuka kuangalia.

Lupango nzima ikainama. Wote, na mapanga yao, wakachuchumaa chini kama mutu moja.

Orly tu njo alichelewa. Ncha ya fimbo ikapita juu ya kichwa yake, ikaondoa kasketi, ikaipeleka ku paa la jikoni.

Niliomba watakatifu wote ninaowajua.

Kisha Mama Scholastique akatoka ku mulango. Akaangalia kasketi ku paa. Akaangalia papa. Akamuangalia bwana yake, ile samaki ya njano inacheza karibu na shavu.

"Lucien," akasema. "Nilikutuma kuleta samaki. Nani alikuambia uivae?"

Mutu moja nyuma akacheka, akajaribu kuificha. Haikufichika. Ikapita kwa wa pembeni yake. Kisha kwa wamama. Kisha Orly mwenyewe, kichwa wazi, akakaa chini na kushika tumbo.

Papa yangu hakucheka. Alikuwa analia, na fimbo mu mukono, na hakuna mutu alimuuliza juu ya nini.

Kisha Papa Lucien akamushika mukono, wakatoka pamoja kwa miguu mpaka Saio, kuonyesha sikio kwa watu wetu pia. Kila kona walisimama. Kila kona papa alieleza. Mpaka wanafika dispansera, ile zahanati, pahali ndoano ilisukumwa ikatokea upande wa pili, kimiiba ikakatwa na pince, ikatoka, nusu ya Bunia ilikuwa imeshaona ile sikio na macho yake.

Kapiteni hatukumupata.

*

Sasa munangojea ndoa.

Gaël alinipigia kesho yake. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa ameenda Komanda, muji ya mbali na Bunia.

"Kufanya nini Komanda?"

Kisha akaniambia ukweli, na kwa hiyo namuheshimu mpaka leo. Alisikia neno ileile, kwamba papa yake amechomwa na papa yangu. Akafunga telefone, akapanda moto. Alitaka kuona kwanza mambo itaelekea upande gani.

"Na kama ingeelekea vibaya?" nikauliza.

"Sijui, Plamedie."

Sikumuchukia. Alizika kaka yake, mimi sikuzika kaka. Lakini nilikuwa nimewaona wazee wawili ku moto moja, moja ameshika sikio ya mwenzake, wanaenda pahali kila mutu angepakimbia. Kisha kuona vile, sikuweza tena kuolewa na mutu anayengojea Komanda.

Tukaachana. Polepole, bila kelele.

Papa alikuwa na kazi ya kwenda kumuambia Papa Lucien. Alivaa shati ya misa. Mimi nikaenda naye, nikafikiri hapa njo mwisho, hawa wawili hawana tena sababu ya kuonana.

Papa Lucien alisikiliza mpaka mwisho. Sikio ilikuwa imepona, iko na kovu kidogo.

"Watoto ni wao," akasema. "Siye tulibakisha kapiteni."

"Tulimubakisha, ndiyo," papa akajibu.

"Basi Jumamosi hii?"

"Samedi, mukwe."

Wanaendaga mpaka leo. Papa analoba na samaki mudogo muzima. Papa Lucien njo anatupa ile ya bandia, na amelalisha vimiiba vyote na pince. Wanabishana juu ya uzi njia nzima. Wanaitana mukwe, na watu wasiowajua wananiulizaga mimi ni muke ya nani kati ya watoto ya Papa Lucien. Nasema sikuolewa pale. Wanashangaa.

Basi ninyi munaosoma, chukueni hii. Ukiloba ku pembeni ya ziwa, angalia nyuma kabla ya kutupa. Na ukimuumiza mutu bila kutaka, usimuache aende peke yake kueleza. Panda naye, ushike pahali panauma, mufike wawili mbele ya watu, jua ikiwa bado inawaka.